Hakuna Aliyemnyoa Restuta

Jumatano, 3 Julai 1996

Kipatimu. Miaka thelathini na mmoja na miezi minne tangu niondoke hapa kwenda Tabora. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na sanduku la bati. Nimerudi na sanduku lile lile. Maktaba ya chuo imefungwa, vitabu vimegawiwa ovyo, na mimi nimepewa barua kwamba "nimepunguzwa". Kana kwamba mtu ni uzito!

Nia yangu ni kutafuta kiwanja, nijenge vyumba viwili, nikae. Nimeiandika ili nisijidanganye baadaye kwamba sikuwa nayo.

Barua ya Evaristo ilisema tu, "Mama haumwi sana ila njoo mjomba." Nimemkuta mama yake, mdogo wangu Restuta, ameketi uani saa saba mchana, amejifunika blanketi. Juani! Sikumtambua. Uso umejaa, kope zimevimba. Nywele zimebaki mabaka. Nyusi zimeisha kuanzia katikati kwenda nje. Nikasema, "Restuta, ni mimi." Akanitazama muda mrefu, mpaka nikaona haya. Kisha, kwa sauti nzito kama ya mwanamume mwenye mafua: "Kaka. Karibu. Umekonda."

Maneno matatu. Yalimchukua muda wa mtu kuvuka uwanja.

Alhamisi, 4 Julai

Analala. Ameamka saa tatu, akalala saa nne, akaamka kula, akalala. Alasiri alisimama kwenye kinu bila kutwanga, akawa anaongea na mtu. Nikauliza ni nani. "Mama," akasema. "Anasema chumvi imeharibika." Mama yetu alifariki mwaka 1971.

Rosa, mke wa Evaristo, hupika chakula cha mkwewe kwenye sufuria ya peke yake. Kikombe cha mtoto hakiwekwi karibu naye. Wanawake wanaokwenda kisimani huizunguka nyumba yetu kwa nyuma, njia ndefu, yenye miiba. Nimemwuliza Rosa kwa nini. Akasema, "Mjomba, pumzika kwanza, una uchovu wa safari." Ana adabu. Lakini hakunitazama.

Barua ya mwisho ya Restuta kwangu, miaka miwili iliyopita, ilikuwa na mistari mitatu, herufi kubwa zinazoteremka kama mtu anayesinzia. Nilidhani ni uvivu. Mimi, mtu wa kusoma!

Jumapili, 7 Julai

Sasa najua nimeitiwa nini.

Baada ya misa wakaja Evaristo na mwenyekiti wa kitongoji, Dadi. Dadi ni Mngindo, kwa hiyo ni mtani wetu, akaanza na matani: "Mmatumbi wa Tabora! Wamekufukuza baada ya kumaliza asali yao?" Tukacheka. Halafu akakohoa, akasema jambo lenyewe.

Ng'ambo ya mto kuna fundi wa kunyoa. Mtu akituhumiwa uchawi hupelekwa kwake, hunyolewa kichwa chote, hunyweshwa dawa, hapo uchawi wake umekwisha na hakuna ruhusa ya kumtaja tena. Haya niliyajua tangu utotoni. Nisilokuwa nalijua ni kwamba fundi huyu hampokei mwanamke bila neno la mtu wa tumbo lake: kaka au mjomba. Aliyebaki ni mimi.

Kwa hiyo nimeitwa kama muhuri! Karatasi imeshaandikwa, kilichokosekana ni muhuri, ukaagizwa kutoka Tabora.

"Amefanya nini?" nikauliza.

Evaristo akasema mama yake mwenyewe ameshakiri kwa vitendo. Amekwenda kunyolewa kwa siri, mbali, bila kuaga.

"Hakuna aliyemnyoa!"

"Sasa nywele zimekwenda wapi, mjomba? Na nyusi? Nani ananyoa nyusi kama si fundi?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira si jibu.

Wakaendelea, kwa zamu. Analala mchana, maana yake usiku yuko kazini. Anatetemeka juani kwa sababu ya baridi aliyotembea nayo usiku. Sauti si yake, ni ya aliyemwingia. Anaongea na maiti, na hilo hata yeye hakani. Na mimba ya Rosa iliyoharibika mwezi Januari? Kila maumivu ya mdogo wangu wameyageuza kuwa shahidi dhidi yake. Mgonjwa ameketi pale, na ugonjwa wake ndio unaomshitaki!

Nilipotaka kusimama, Evaristo akanishika mkono. Mwanamume wa miaka thelathini na tatu, mwenye duka la mitumba na betri Nangurukuru, anayeongea Kiswahili cha Dar. Akalia. "Mjomba, mwaka jana kuna mzee walimchomea nyumba. Hapo juu, si mbali. Mimi nataka mama anyolewe. Sitaki achomwe."

Hili nitalala nalo. Nilikuja kumkasirikia mpumbavu, nikamkuta mtoto anayempenda mama yake.

Jumatatu, 8 Julai

Kati ya vitabu vilivyokuwa vikitupwa chuoni nilichukua kimoja kikubwa cha tiba, cha zamani, jalada limetoka. Nimekisoma tangu asubuhi. Nilianza na magonjwa ya akili, sikupata. Nikafuata nywele. Nywele zikanipeleka kwenye nyusi, nyusi zikanipeleka kwenye tezi ya koo. Ukurasa mzima ni Restuta! Baridi, usingizi, sauti, uso, kinyesi kigumu, huzuni, na mwisho kabisa, mstari mmoja: wengine husikia sauti na hudhaniwa wamerukwa na akili.

Sijui. Mtu anayesoma kitabu cha tiba huona alichotaka kuona. Na Restuta hana rovu, ule uvimbe wa koo; shingo yake ni nyembamba tu. Lazima aonwe.

Jumanne, 9 Julai

Zahanati kwanza. Mhudumu hakuinuka kwenye kiti. "Huyu namjua, ni wa kichwa." Mwaka mzima amekuwa akimpa vidonge vya kumlaza. Kumlaza! Mtu asiyeweza kukaa macho saa moja!

Nikaomba lifti ya lori la machungwa, tukateremka hadi kituo cha afya ambako yuko tabibu mmoja, Kudra. Msichana, nilidhani. Ana miaka thelathini labda. "Shikamoo babu. Shikamoo bibi." Hakuuliza habari ya mashetani wala ya akili. Aliuliza: choo unapata? Ngozi inawasha? Baridi unaisikia hata jikoni? Restuta alijibu kila swali kwa kuchelewa, na Kudra alisubiri kila jibu. Huko nyumbani hakuna anayesubiri, humalizia maneno yake kwa niaba yake.

Kisha akampigisha magoti juu ya kiti, nyayo zikining'inia, akagonga mshipa wa kisigino kwa kinyundo cha mpira.

"Tazama mguu, babu. Umekwenda haraka, sivyo? Sasa utazame unavyorudi."

Ulirudi polepole, kama unaobembelezwa.

"Ni tezi ya koo," akasema. "Imelala. Ikilala, kila kitu kinapoa nayo. Moyo, tumbo, ngozi, akili pia. Akili nayo ni kiungo, babu."

"Hana rovu."

"Rovu si lazima. Wengi hawana."

Damu ipimwe Dar, hapa hakuna kipimo. Vile vidonge vya usingizi aviache leo hii, vinamzamisha. Nikauliza, akitibiwa, zile sauti? "Inshallah zitaondoka. Mara nyingi huondoka."

Miaka miwili! Kinyundo kimoja cha mpira na mtu wa kusubiri jibu. Hicho tu ndicho kilichokosekana miaka miwili.

Ijumaa, 12 Julai

Nimewaambia: neno langu hamlipati mpaka damu ipimwe. Dadi akasema, "Nenda Dar, mtani. Lakini ukirudi, neno tunalitaka. Watu hawatasubiri mvua nyingine." Nikaahidi. Sikuona njia nyingine ya kumtoa.

Jumatano, 24 Julai

Dar es Salaam. Kudra alikuwa sahihi. Daktari alizungusha kalamu kwenye tarakimu moja, akasema hajaona iliyopanda hivyo mwaka huu. Dawa ni kidonge kidogo cheupe, kimoja kila asubuhi kabla ya chakula. Wiki tatu za mwanzo nusu, moyo usishtuke.

"Mpaka lini?"

"Maisha yake yote, mzee. Akiacha, yote haya yanarudi. Na akili ndiyo hutangulia."

Soko huria limeleta duka la dawa kila kona. Mawili ya kwanza wananiuzia rangi ya nywele na sabuni ya kung'arisha ngozi. La tatu wanazo. Nimenunua za karibu miezi sita.

Restuta amekaa kitandani kwa wenyeji wetu, anatazama mtaa. "Kaka, watu hawa wote wanakwenda wapi?" Swali zima, bila kusita katikati. Au nimelitamani mno?

Jumapili, 18 Agosti

Kipatimu. Leo ametoka uani saa mbili asubuhi, akatazama jua, akalikunja blanketi. Akalikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka juu ya sanduku.

Rosa alikuwa anaosha vyombo. Aliacha sahani majini.

Jumatatu, 2 Septemba

Amecheka! Nilikuwa nimeanguka na kiti, kile cha mguu mmoja mfupi, naye akacheka mpaka akashika ubavu. Kicheko ni chake, sauti bado si yake yote, lakini iko njiani. Kwenye paji la uso kuna nywele mpya, laini, kama za mtoto mchanga.

Nikamwuliza kuhusu Mama.

"Kaacha kuniita," akasema. "Siku ya nne hii." Akakiinua kiti. "Nimemkosa."

Sikuwa nimefikiria hilo. Nilifikiri mtu akiponywa sauti hufurahi tu.

Jumatano, 11 Septemba

Upumbavu hauna mwisho!

Nilidhani uso wake ungetosha. Kumbe sasa wanasema amekwenda Dar kutafuta kinga. Alikuwa amechoka, sasa ana nguvu. Alikuwa amelala, sasa anatembea. Nywele zinaota, basi kunyolewa kwake kwa siri kumekwisha muda, uchawi umerudi. Juzi mwanamke mmoja alimwaga ndoo yake nzima kisimani kwa sababu kivuli cha Restuta kilipita juu yake.

Nimetoka na kitabu mpaka kwa Dadi. Nimemfungulia ukurasa, nimemtafsiria mstari kwa mstari, mbele ya watu kumi. Nimewaambia tezi ni nini, iko wapi, inafanya nini. Nilipaza sauti, najua. Wakasikiliza vizuri sana. Mwisho mzee mmoja akauliza kwa heshima zote, "Na hiyo tezi, mwalimu, ni nani aliyeilaza?"

Dadi akanisindikiza. "Mtani, hawa hawakupingi. Wanakungoja wewe. Ulituahidi."

Ijumaa, 13 Septemba

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na kila mtu isipokuwa yeye.

Tulikuwa tunamenya mihogo. Akasema, bila kuinua uso, "Kaka, toa neno. Wakaninyoe."

Nikadhani ugonjwa. Nikamtazama macho. Macho yalikuwa yake, makali, yale yaliyokuwa yakinishinda kwenye bao tukiwa wadogo.

"Hujafanya kitu! Ukinyolewa umekiri!"

"Sikufanya kitu, najua. Wewe unajua, na yule binti wa kinyundo anajua. Tuko watatu. Kisimani wako wangapi?"

Nikamwambia twende Tabora, au popote. Akacheka. "Miaka hamsini na minne nimekaa hapa. Mume wangu kalala pale nyuma. Wewe umezoea kuondoka, Kaka. Mimi nimezoea kubaki."

Halafu, taratibu, kama anayenifundisha: "Nikipona kwa vidonge vyako, watasema nimewazidi. Nikinyolewa, sheria yao wenyewe inawafunga midomo. Nitachota maji. Rosa atanipa mtoto nimbebe."

Nilikasirika. Nilimwambia ni ujinga, maneno ambayo sitayaandika. Aliendelea kumenya. Kilichonikera zaidi ni kwamba hoja yake ilikuwa imepangwa vizuri kuliko yangu. Nilimpigania akili irudi. Imerudi, na imekuja kunipinga.

Jumamosi, 14 Septemba

Kuna jambo jingine. Evaristo amelisema leo, kwa aibu. Fundi ana mwiko: aliyenyolewa kwake hagusi dawa nyingine tena. Ya hospitali, ya mizizi, yoyote. Akigusa, kunyolewa kumevunjika, na aliyevunja harudishwi mara ya pili.

"Unajua daktari alisema nini!"

"Najua, mjomba. Lakini naona kapona tayari. Si kapona?"

Nimeeleza. Nimeeleza tena. Taa ikikosa mafuta inazimika hata kama jana iliwaka vizuri! Akatikisa kichwa, kama wanavyotikisa wote.

Nikamwendea Restuta. "Mwiko unaujua?" Anaujua. "Utaacha vidonge?" Akageuza macho. Rosa alikuwa mlangoni na ungo mkononi. Restuta akasema, "Wewe toa neno, Kaka. Mengine ya nyumba hii tuachie wenye nyumba."

Jumapili, 15 Septemba

Nimetoa neno. Mbele ya Dadi, Evaristo na wazee wawili. Maneno manne: "Mimi kaka yake nimekubali." Nimesaini vitu vingi maishani, hakuna nilichoona haya nacho kama hiki.

Kopo la vidonge nimemkabidhi Rosa, kwa kuwa ndiye mwenye funguo za nyumba. Nimevihesabu mbele yake: mia moja na ishirini. Alipokea kwa mikono miwili.

Nimekataa kusindikiza ng'ambo. Restuta alinifunga chakula cha njiani, ndizi na samaki. Nimeteremka na lori la alasiri.

Jumanne, 17 Septemba

Nangurukuru, nyumba ya wageni. Leo ndiyo siku. Mabasi mawili ya Dar yamepita, sikupanda.

Nasoma ukurasa mmoja tangu asubuhi.

Alhamisi, 19 Septemba

Dadi ameteremka leo, amenikuta kwenye banda la chai. Kwa kelele, kwa furaha, benchi zima likageuka.

"Mtani! Ungemwona dada yako! Siku mbili tu, anacheka, anachota maji na wenzake, leo kambeba mjukuu mgongoni. Yule fundi kiboko! Hospitali wangemaliza mwaka!"

Mwenye banda akauliza fundi yuko wapi, ana shangazi yake hasinzii wala hatulii. Dadi akamwelekeza njia, kijito kwa kijito.

Wiki nane za vidonge! Wiki nane! Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno. Nikasema, "Mungu ni mwema." Sijawahi kusema kweli iliyonichoma hivyo.

Halafu akatoa kopo, limefungwa kitambaa fundo tatu. "Evaristo karudisha. Hazihitajiki tena, na ni mwiko kukaa nazo ndani." Nikalipokea. Basi. Miezi mitatu, minne, atakuwa tena juani na blanketi. Na safari hii hakuna wa kumnyoa mara ya pili.

"Nani kalifunga?"

"Rosa. Kasema nikwambie uvihesabu mbele yangu, usije ukasema huko Tabora kwamba tumekuibia." Dadi akacheka. "Wanawake! Nimemwambia mtani wangu si mtu wa hivyo."

Nikafungua. Juu kulikuwa na pamba, nyingi, imeshindiliwa vizuri, lisije likacheza. Duka halikuweka pamba ile. Nikahesabu juu ya meza kwa ncha ya kijiko, Dadi akipuliza chai yake. Themanini na vinne. Nikarudia. Themanini na vinne. Vimepungua thelathini na sita, na katika siku nne mtu hamezi zaidi ya vinne.

"Zimetimia?" akauliza Dadi.

"Zimetimia," nikasema.

Anakunywa chai ya pili sasa, anasimulia benchi jinsi wembe ulivyokosa kazi, nywele zenyewe zilikuwa kidogo. Mimi naandika, anadhani ni barua. Thelathini na viwili, mahali fulani katika nyumba ile: kwenye unga, kwenye pindo la khanga, sijui. Vitamfikisha tarehe ishirini na moja Oktoba. Kabla ya hapo lazima vingine vipande kilimani, kwa mkono usio wangu, kwa jina la Rosa, ndani ya kitu kisichofanana na dawa. Mama mmoja wa machungwa hupanda na lori kila Jumatatu. Bado sijaongea naye, na sijui kama anaweza kunyamaza.

Dadi anauliza kama nitapanda naye jioni, nikamwone dada yangu alivyong'ara. Nikionekana kule juu, hata mikono mitupu, watu wataanza kumtazama kinywa anapoamka.

Nimemwambia hapana. Sirudi Kipatimu.